Kutoboa, Kupenya au Kuzamia? Historia ya Kitenzi Kimoja katika Elimu ya Malaria

Katika kazi ya kuunda istilahi, nomino hupewa heshima kuliko kitenzi. Faharasa zetu zimejaa majina ya vitu, na kila jina limejadiliwa na kupimwa kabla ya kusanifiwa. Lakini kitenzi kiyaunganishacho majina hayo huachiwa mfasiri akiokote popote. Makala haya yanakusudia kuonyesha, kwa mfano mmoja, kwamba kitenzi nacho chaweza kubeba nadharia nzima ya sayansi, na kwamba nadharia ikibadilika na kitenzi kikabaki palepale, mwanafunzi hufundishwa jambo ambalo wataalamu wamekwisha kuliacha. Mfano wenyewe ni tendo la kimelea cha malaria kuingia katika chembe nyekundu ya damu.

Mara nyingi husemwa, darasani na katika maelezo ya afya, kwamba kimelea "hutoboa" chembe. Pengine husemwa "hupenya", pengine "huvamia", na mwandishi aliyechoka huandika "huingia" akapita. Maneno haya hayalingani. Atoboaye huacha tundu. Apenyaye hutumia upenyo uliokuwapo, kama paka apenyavyo katika ua wa makuti. Avamiaye hatuambiwi amepitia wapi. Tangu kimelea hiki kilipoonekana kwa mara ya kwanza, wataalamu wamelijadili tendo hili kwa zaidi ya karne nzima, na haifai tuchague neno kabla ya kuifuata historia yao.

Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya kijeshi mjini Constantine, Aljeria, tabibu wa jeshi la Ufaransa aitwaye Alphonse Laveran alikuwa akitazama kwa hadubini damu ya askari mgonjwa wa homa. Aliona kijiumbe cha mviringo kikitoa nyuzi nyembamba zilizochapachapa kwa nguvu hata zikazisukuma chembe nyekundu zilizokuwa jirani. Ndipo alipotambua kwamba kitu kile kilikuwa hai. Lakini kilikuwa wapi? Laveran alielekea kuamini kwamba vimelea vimebandikwa juu ya chembe. Tabibu mwenzake, Richard, aliyekuwa Philippeville huko huko Aljeria, aliandika mwaka 1882 kwamba vimo ndani. Ettore Marchiafava na Angelo Celli wa Roma, waliokipa kimelea jina la Plasmodium mwaka 1885, nao walishikilia kwamba makazi yake ni ndani ya chembe.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba ugomvi huu wote, kwetu sisi, ni wa silabi moja. Laveran alisema kimelea kipo chembeni. Waitalia walisema kimo chembeni. Lugha nyingi hazina budi kuongeza maneno ili zitofautishe mambo hayo mawili, nasi tunayo tofauti hiyo ndani ya kitenzi chenyewe. Naomba msomaji aiweke akiba silabi hiyo, maana tutaihitaji tena.

Waliosema kimo walishinda. Camillo Golgi wa Pavia alithibitisha mwaka 1886 kwamba vipindi vya homa hulingana na kupasuka kwa chembe zilizokaliwa na vimelea. Ronald Ross akaonyesha huko Secunderabad, India, mwaka 1897, sehemu ya maisha ya kimelea ndani ya tumbo la mbu. Na mwaka uliofuata Grassi na wenzake wa Italia wakathibitisha kwamba malaria ya binadamu huenezwa na mbu wa jamii ya anofelesi. Kwa mafanikio hayo makubwa watu wakageukia mbu, madimbwi na dawa. Swali dogo la mlango likaachwa. Palipohitajika kitenzi, kilitumika cha kutoboa au cha kupenya, nacho hakikutokana na jambo lililoonekana kwa macho. Hakuna aliyekuwa ameona.

Hali hiyo ilidumu yapata miaka themanini, na sababu yake ni udogo wa vitu vyenyewe. Chembe nyekundu ya binadamu ina kipenyo cha maikromita 8 hivi, yaani zingepangwa chembe 125 bega kwa bega zingejaza milimita moja. Kimelea kilicho tayari kuingia, ambacho wanabaiolojia hukiita merozoiti, kina urefu wa maikromita moja na nusu hivi tu. Tena tendo lote huisha katika muda usiotimia dakika moja. Hadubini ya mwanga ilimwonyesha mtazamaji kimelea kikiwa nje, kisha kikiwa ndani. Kilichotokea katikati hakikuonekana.

Hata hivyo, akili peke yake ingetosha kuutilia shaka utoboaji. Chembe nyekundu imejaa hemoglobini, nayo imefunikwa kwa utando mwembamba mno. Ukitobolewa na tundu likabaki, hemoglobini huvuja na chembe hufa. Kimelea cha Plasmodium falciparum kinahitaji kukaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kile na kuzaana. Mgeni gani huvunja ukuta wa nyumba anayotaka kuilala siku mbili? Kwa upande mwingine, haifai kusema kwamba chembe humeza kimelea. Chembe nyeupe za damu ndizo zijuazo kumeza. Chembe nyekundu, ikisha kukomaa, huwa imeitupa kiini chake pamoja na mitambo ya kumezea. Basi kimelea hakiwezi kutoboa, na chembe haiwezi kumeza. Hapo ndipo penye fumbo.

Jibu la kwanza lilikuja mwaka 1969, Ladda, Aikawa na Sprinz walipochapisha picha za hadubini ya elektroni zilizokamata vimelea katikati ya tendo. Hazikuonyesha tundu. Utando wa chembe ulikuwa umebonyea kuelekea ndani, mithili ya mpira uliobonyezwa kwa kidole gumba, na kimelea kilikuwa kimekaa katika kishimo hicho, utando ukiwa mzima pande zote. Mwaka 1975 Dvorak, Miller na wenzao, nchini Marekani, wakapiga filamu ya tendo lenyewe likitendeka, wakitumia kimelea cha kima wa Asia kiitwacho Plasmodium knowlesi. Filamu hiyo ilipanga hatua zote kwa zamu. Kwanza kimelea hugusa chembe kwa upande wowote na kunata. Kisha chembe nzima huyumba na kukunjamana kwa ghafula, kana kwamba imetekenywa, huku kimelea kikijigeuza mpaka ncha yake iielekee chembe. Baada ya kutulia kidogo, utando hudidimia chini ya ncha ile, na kimelea hushuka humo taratibu mpaka kikapotea.

Mwaka 1978 Aikawa, Miller na wenzao waliongeza jambo lililo muhimu kuliko yote. Katika mpaka kati ya kimelea na chembe waliona mduara ambapo tando mbili zimeshikamana kwa nguvu. Kimelea kikiwa kinaanza kuingia, mduara huo uko kwenye ncha yake. Kikiwa nusu ndani, uko kiunoni. Kikikaribia kumaliza, uko mkiani. Mduara ndio uhamao, na unapofika mkiani hufunga mlango. Utando uliodidimia hukatika kutoka katika ule wa juu, na kimelea hubaki kimevikwa mfuko ndani ya chembe. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilitumia saitokalasini B, dawa izuiayo mwendo wa protini iitwayo aktini. Vimelea vilivyotiwa dawa vilinata, vilijigeuza, vilifanya hata ule mduara wa kushikamana, lakini havikuingia. Ikadhihirika kwamba kimelea kina mota yake chenyewe, nacho hujivuta kwayo.

Baadaye ilijulikana kwamba hata pa kushikia kimelea huja napo. Mwishoni mwa ncha yake mna vifuko vyenye umbo la rungu, ambavyo humimina protini katika utando wa chembe. Protini nyingine iliyo juu ya kimelea huzishika hizo. Ni sawa na mtu ajaye kwenye mnazi usio na vidato, akavikata mwenyewe ndipo akapanda.

Sasa tuitazame fizikia ya utando wenyewe, maana ndiko mambo yalikofikia katika karne hii. Chembe nyekundu ni mfuko usiojaa. Eneo la utando wake ni maikromita za mraba 135 hivi, na ujazo wake ni maikromita za ujazo 90 hivi. Kama ujazo huo ungewekwa katika tufe, eneo la 97 tu lingetosha kuufunika. Ziada hiyo ndiyo iwezeshayo chembe kujikunja na kupita katika mishipa iliyo myembamba kuliko yenyewe. Utando huo hukunjika kwa urahisi sana, lakini hautanuki. Ukivutwa ili eneo lake lizidi kwa sehemu chache tu katika mia, hupasuka. Kwa hiyo kimelea kitakacho kufunikwa hakina budi kutumia ile ziada. Kinaazima kitambaa kilicholegea.

Je, kazi hiyo hufanywa na mota ya kimelea peke yake, ama utando nao husaidia kwa kujikunja wenyewe? Wataalamu waliligawia swali hili pande mbili. Mwaka 2014 Dasgupta na wenzake walikokotoa nishati ihitajikayo, wakaonyesha kwamba utando wa chembe hauburutwi tu, bali kujiviringisha kwake huchangia sehemu ya kazi. Mwaka huohuo watafiti wa Cambridge walikamata vimelea kwa miali ya leza, wakavivuta kutoka katika chembe vilipokuwa vimenata. Kani iliyohitajika ilikuwa pikonyutoni 40 hivi. Pikonyutoni ni sehemu moja ya trilioni ya nyutoni, na mtu aweza kuidharau; lakini ni zaidi ya mara elfu moja ya uzito wa kimelea chenyewe. Fikiri juu ya mtu anayening'inia kwa kidole huku amebeba watu elfu moja.

Katika miaka hiyo yote utafiti mwingine ulikuwa ukitafuta ufunguo badala ya kani. Miller na wenzake walionyesha mwaka 1976 kwamba watu wasio na alama ya damu iitwayo Duffy, ambao ndio wengi katika Afrika ya Magharibi na ya Kati, wana kinga dhidi ya Plasmodium vivax, kwa kuwa kimelea hicho hakipati pa kushika. Mwaka 2011 ilionekana kwamba Plasmodium falciparum hushika protini iitwayo basijini kwa kutumia protini yake ya RH5, na chanjo iliyojengwa juu ya RH5 imekwisha kujaribiwa Bagamoyo. Mfano wa kufuli na ufunguo ni mzuri, na walimu wanaupenda. Ila haukutosha, na ushahidi wa kutotosha kwake umetoka pwani yetu.

Huko Kilifi, Kenya, yapata mtu mmoja katika kila kumi amerithi kutoka kwa mzazi mmoja badiliko la damu liitwalo Dantu, na yapata mmoja katika mia amelirithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Wa kwanza hupunguziwa hatari ya malaria kali kwa kiasi kifikacho asilimia 40, na wa pili kwa kiasi kifikacho asilimia 70. Dantu hubadilisha protini za utando ziitwazo glaikoforini, kwa hiyo mtu angedhani ni habari ile ile ya kufuli. Mwaka 2020 Silvia Kariuki na wenzake, wakiwamo watafiti wa Kilifi na Cambridge, walitoa matokeo ya kuchunguza damu ya watoto 42 wa huko. Walizipiga picha chembe zikikutana na vimelea, na kwa kila chembe wakapima jinsi utando wake ulivyokaza. Njia ya kupimia ni ya kupendeza: ukingo wa chembe hutetema daima, na kadiri utando ulivyokaza ndivyo utetemaji unavyopungua. Chembe za watoto wenye Dantu zilikuwa zimekaza kuliko nyingine. Tena kulikuwa na kiwango ambacho, utando ukikizidi, kimelea kilinata na kuhangaika bila kuingia. Kiwango hicho kilikuwa nyutoni 0.00000038 kwa mita. Na chembe ya mtoto asiye na Dantu, ikiwa imekaza kupita hapo, nayo haikuingiwa.

Kiwango hicho ni kidogo ajabu. Uso wa maji ya dimbwi, ambao viluwiluwi vya mbu hujishikiza kwao wapate hewa, umekaza kwa nyutoni 0.07 hivi kwa mita, yaani karibu mara laki mbili zaidi. Tofauti iliyo ndogo hivyo ndiyo iliyowaokoa watoto wengi wa Kilifi na kifo, nayo imekuwa ikifanya kazi vizazi na vizazi kabla ya hadubini.

Hapa kitenzi cha kutoboa hakikosei kidogo tu; kinageuza maana juu chini. Kila mtu ajua kwamba ngozi iliyokaza hutobolewa kwa urahisi kuliko iliyolegea. Mwalimu akisema kimelea hutoboa, kisha akasema chembe iliyokaza ndiyo iliyo salama, mwanafunzi mwenye akili atamwona anajipinga. Na mzazi wa Kilifi au wa Bagamoyo aombwaye ridhaa ili mwanawe achukuliwe damu kwa utafiti wa namna hii ana haki ya kuelezwa kwa neno lisilomdanganya.

Ninapendekeza kuzamia. Mzamiaji huingia, maji yakambonyea, yakamfunika, kisha yakajifunga juu yake bila kuacha tundu. Kauli ya kutendea inaonyesha kusudi, ambalo kuzama kwa jiwe hakuna. Aidha watu wa bandarini wamekwisha kulipa neno hili maana ya pili: azamiaye meli ni yule aingiaye kwa siri asafiri bila nauli, wala hajatoboa meli. Pingamizi lipo, nami naliona kuwa la haki: mzamiaji huloana, ilhali kimelea hakigusani na hemoglobini wakati wa kuingia, kwa kuwa kimevikwa utando. Mwaka 2021 uchunguzi wa watafiti wa Melbourne ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya utando wa mfuko huo ni ya chembe yenyewe. Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni sarafu iliyofungwa katika pindo la kanga. Sarafu imo kangani, kanga haina tundu, na uso wa kitambaa uigusao sarafu ni ule ule uliokuwa wa nje. Laveran angeweza kusema ipo, Marchiafava angesema imo, na wote wawili wasingekuwa wamesema uongo. Nilifikiria kufutika kwa ajili hiyo, lakini sarafu hufutikwa na mwenye kanga, na hapa mwenye kanga hajui lolote. Mwalimu autumie mfano wa pindo katika kueleza, na kuzamia kibaki kuwa istilahi.

Kwa hatua ya kwanza, ile ya kunata, tunacho kitenzi kuambata, chenye kile kiambishi cha -at- cha mgusano tunachokikuta katika kamata, fumbata na pakata, hakina upungufu. Mduara uhamao ni mgumu zaidi. Wengine watapenda kuuita pete, na umbo linakubali, lakini katika maabara neno pete limekwisha kushikwa: ndilo jina la kimelea kichanga baada ya kuingia, kwa jinsi kionekanavyo kikitiwa rangi. Afadhali kiungo kihamacho, ingawa ni refu.

Limebaki jina la kule kukaza kwa utando. Mkazo umekwisha kuchukuliwa na wanaisimu kwa ajili ya silabi, na mvutano umekuwa wa magazeti. Lakini mafundi ngoma wanalo neno la siku nyingi. Ngozi huwambwa juu ya mzinga, na fundi huipasha moto kisha huipiga, akaujua ukazaji wake kwa sikio, sawasawa na watafiti wa Kilifi walivyoujua wa chembe kwa mtetemo. Mwambo wa utando, basi. Na atakayesema kwamba neno hilo litachanganywa na mwamba wa baharini nitamjibu kwamba bado sijamwona aliyechanganya mlango na mlonge.

Kudunga tumwachie mbu, kwani yeye kweli hutoboa ngozi. Kupasua nako kuna mahali pake katika habari hii. Saa 48 baada ya kuzamia kwa kimelea kimoja, vimelea kati ya 16 na 32 huwa tayari kutoka katika chembe ile ile, na wakati wa kutoka utando haufungwi tena. Chembe hupasuka, zikipasuka pamoja na maelfu ya maelfu ya wenzake, na mgonjwa huanza kutetemeka.